Kutoka Mwalo Hadi Mwalo: Orodha Inayobaki Nchi Kavu



Makala haya yanahusu safari ambazo wengi wetu hatuzifanyi, lakini matunda yake tunayala kila siku. Mkazi wa Cibitoke, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, anaweza kumaliza mwaka mzima bila kukanyaga mtumbwi. Hata hivyo, ndagala anaowanunua sokoni jioni, mafuta ya mawese yaliyomo chunguni mwake, na mara nyingine chumvi, sukari au unga uliomo ghalani mwa mwenye duka, vimepita katika mikono ya watu waliosafiri majini. Watu hao ni jirani zetu. Wengine ni mama zetu na wana wetu.

Watu hao wakifika salama, hakuna anayeuliza walipitia wapi. Wasipofika, maswali huja yote kwa pamoja: Waliondoka lini? Walikuwa wangapi? Walibeba nini? Walikusudia kutia nanga wapi? Uzoefu wa kazi yetu umetufundisha kwamba majibu ya maswali hayo ndiyo yanayotenganisha uokoaji na mazishi. Kwa hiyo tunaeleza hapa namna safari hizi zinavyofanyika, hatari zake zinatoka wapi, na kwa nini jambo dogo kama kuandika majina kabla ya kuondoka lina uzito kuliko mashine kubwa au nahodha hodari. Chombo kisichoandikwa hakitafutwi, kwa sababu hakuna ajuaye kwamba kimepotea.

Kabla ya kuendelea, tuondoe utata wa jina. Ipo Cibitoke ya jijini, jirani na Kamenge, Kinama na Ngagara. Ipo pia Cibitoke ya kaskazini-magharibi mwa nchi, kando ya Mto Rusizi, upande wa mpaka na Kongo. Maneno yetu yanawahusu wakazi wa zote mbili, kwa kuwa Rusizi humwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika, na mtu anayevuka mto na mtu anayevuka ziwa wanakabiliwa na maswali yale yale.

Ziwa lenye visiwa vichache, lakini lenye vituo vingi

Ndugu zetu wa pwani ya Bahari ya Hindi wamezoea kuishi visiwani. Mtu wa Tumbatu huvuka kwenda Mkokotoni kutafuta mahitaji yake, na mtu wa Mafia huyafuata bara kupitia Nyamisati. Huko Lamu, mashua na majahazi yamekuwa yakizunguka kati ya Lamu, Manda na Pate tangu enzi za mababu, yakisukumwa na kaskazi na kusi. Safari ya namna hiyo ni fupi, lakini hurudiwa mara nyingi: chombo hutoka kisiwa kimoja, hutua kingine, hujaza kilichopungua na kuendelea.

Ziwa letu halina visiwa vingi upande huu wa kaskazini. Lina urefu wa takriban kilomita 670, na kina chake kinafika mita 1,470, hata likawa la pili duniani kwa kina baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Lakini yapo maeneo mengi yanayoishi kama visiwa ingawa yameshikamana na nchi kavu. Kijiji cha Kagunga, upande wa Tanzania karibu kabisa na mpaka wetu, kimebanwa kati ya milima na maji, na njia yake kuu tangu zamani ni ziwa. Rasi ya Ubwari, upande wa Kongo, imejitokeza majini kiasi kwamba wageni wa zamani waliidhania kuwa kisiwa. Watu wa sehemu kama hizo hupata mahitaji yao kwa mtumbwi unaotoka mwalo mmoja kwenda mwingine.

Desturi hii si ya jana. Mwaka 1858, Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Ujiji walitaka chombo chenye tanga cha kuwafikisha kaskazini. Speke alivuka ziwa mwezi Machi hadi kisiwa cha Kasenge, karibu na ufuko wa magharibi, kumwomba Sheikh Hamed bin Sulayyim amkodishe jahazi lake. Alirudi mikono mitupu. Ikawabidi wapande mitumbwi ya makasia, wafuate ufuko wa Urundi, wavuke kwenda Ubwari, na hatimaye wafike Uvira mwezi Aprili. Njiani walilazimika kutua mara kwa mara ili kupumzika na kutafuta chakula. Burton ndiye aliyeandika kwamba Ubwari ni kisiwa.

Mwezi Novemba 1871, Livingstone na Stanley nao walipanda kwa mtumbwi kutoka Ujiji hadi kwenye mlango wa Rusizi, wakathibitisha kwamba mto huo huingia ziwani wala hautoki humo. Jiwe la Mugere, kusini kidogo mwa Bujumbura, ni ukumbusho wa mahali walipotua. Wasafiri hao wote hawakulikata ziwa kwa mkupuo mmoja. Kila mahali walipotua walinunua chakula, waliuliza habari za mbele, na watu wa mahali hapo waliwaona wakipita. Hilo la mwisho lilikuwa ulinzi wao, hata kama hawakulifikiria hivyo.

Nani husafiri, na kwa nini

Siku hizi matanga yamepungua katika upande wetu wa ziwa. Vyombo vingi ni mitumbwi mirefu ya mbao yenye mashine nyuma, pamoja na meli za mizigo zinazohudumia bandari za Bujumbura na Kigoma. Reli ya Kati ya Tanzania ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo mji huo umekuwa mlango wa bidhaa zitokazo Dar es Salaam. Kutoka Kibirizi, jirani na Kigoma, boti za abiria hupita vijiji vya ufukoni hadi Kagunga. Kutoka huku kwetu, Rumonge inasifika kwa mawese, na Nyanza-Lac iko karibu na mpaka wa kusini. Ng'ambo ya pili ipo Uvira na bandari yake ya Kalundu, kisha Baraka upande wa Fizi.

Katika mialo hiyo hukutana chumvi ya Uvinza, ambayo imekuwa ikivuka ziwa kwa karne nyingi, ndagala, mukeke ambao Watanzania huwaita migebuka, mihogo, mchele, vitenge, sabuni na vipuri vya pikipiki. Baada ya soko kuu la Bujumbura kuteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013, wafanyabiashara wengi walitawanyika katika masoko ya kata, na tangu hapo mwenye kibanda mdogo amezoea kujitafutia bidhaa mwenyewe badala ya kumngojea muuzaji wa jumla. Mafuta ya gari yanapoadimika jijini, wapo wanaoyafuata ng'ambo kwa bidoni, au madumu kama wasemavyo ndugu zetu wa Kigoma.

Tunaitaja biashara hii kwa heshima. Mama anayekwenda Rumonge au Uvira na kurudi na magunia matatu analisha nyumba na kulipa ada ya shule. Kwa macho ya polisi, mtu huyo si mshukiwa bali ni raia anayetakiwa kufika salama. Mashaka huanza pale safari inapofichwa, na safari iliyofichwa humdhuru kwanza yule aliyeificha.

Upepo una ratiba yake

Wavuvi wazoefu wanalijua hili kuliko sisi, lakini wafanyabiashara wengi wapya hawalijui. Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wenye nguvu huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki. Kwa kuwa ziwa ni refu na jembamba, upepo huo hupata njia ndefu ya kuyasukuma maji, na mawimbi yanazidi kukua kadiri yanavyosogea kaskazini. Anayetoka Bujumbura kwenda kusini huyapokea kwa omo. Anayerudi huyapokea kwa tezi, na wengi hudhani hilo ni rahisi zaidi, kumbe wimbi la nyuma humwaga maji ndani ya chombo kilichojaa kabla nahodha hajageuka kulitazama.

Wakati wa masika, takriban Oktoba hadi Aprili, hatari hubadilika sura. Ziwa linaweza kuwa shwari asubuhi, kisha wingu jeusi likashuka kutoka milimani na kuleta dhoruba ya radi kwa muda mfupi. Dhoruba ya namna hiyo haidumu, lakini mtumbwi uliokaa chini sana majini hauhitaji dhoruba ndefu ili kujaa.

Hapo ndipo hekima ya kusafiri mwalo hadi mwalo inapoonekana. Anayefuata ufuko anaweza kutua na kungoja. Anayekata katikati ya ziwa ili kuokoa saa mbili hana pa kukimbilia. Nahodha anayesema, "Leo tunalala hapa," hajashindwa kazi; ameifanya. Abiria wanaomshinikiza aondoke kwa sababu soko ni kesho wanamlazimisha kuhatarisha maisha yao wenyewe.

Jambo jingine la miaka ya karibuni ni kupanda kwa maji ya ziwa. Gatumba, Kajaga na sehemu nyingine za ufuko wetu zimeshuhudia nyumba, kuta na miti vikimezwa na maji. Maji yakipanda, vitu hivyo hubaki chini bila kuonekana, na mwalo uliokuwa salama miaka michache iliyopita unaweza leo kuwa na ukuta unaopasua ubao. Ulizeni wenyeji kabla ya kutua usiku. Karibu na mlango wa Rusizi kumbukeni pia viboko na mamba, ambao hawajali kama mtu ana hati au hana.

Hesabu ya uzito

Ajali nyingi za majini zina mzizi mmoja: chombo kubeba kuliko uwezo wake. Tufanye hesabu ya mfano. Abiria 40, kila mmoja akiwa na kilo 60, ni kilo 2,400. Kila mmoja akija na gunia moja la kilo 50, zinaongezeka kilo 2,000. Mashine, mafuta yake na mabaharia havijahesabiwa bado. Mwenye chombo huhesabu vichwa kwa sababu nauli hulipwa kwa kichwa, lakini maji huhesabu kilo.

Uzito una mahali pake pia. Magunia yakipangwa juu ya kingo, chombo huyumba kwa wimbi dogo. Yakilazwa chini katikati na kufungwa kwa kamba, chombo hutulia. Mzigo usiofungwa husogea upande mmoja wakati wa wimbi, na watu nao husogea upande huo huo kwa hofu. Hapo kupinduka ni suala la dakika.

Kuhusu mafuta ya petroli, tunasema bila kuzunguka: bidoni za petroli na abiria havifai kukaa katika mtumbwi mmoja. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka chini ya mtumbwi na kukaa humo. Sigara moja, jiko la mkaa la kupikia chai au cheche ya mashine inatosha. Majini, mtu anayeukimbia moto hana pengine pa kwenda isipokuwa ziwani.

Wapo wanaojibu kwamba ajali ni majaliwa, na kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Methali hiyo ni ya hekima kwa yule aliyefanya kila aliloweza. Haikutungwa kumfariji nahodha aliyejaza chombo hadi maji yakawa kiganja kimoja chini ya ukingo.

Kwa nini orodha ibaki nchi kavu

Tufike sasa kwenye kiini cha makala haya. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kikitoka Bugolora, katika kisiwa cha Ukerewe, kuelekea kisiwa cha Ukara katika Ziwa Viktoria. Ilikuwa siku ya gulio, na watu walikuwa wakirudi nyumbani na mahitaji yao. Kivuko kilichojengwa kubeba abiria 101 kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, mbele ya macho ya waliokuja kuwapokea. Watu 228 walifariki na 41 waliokolewa.

Kwa siku kadhaa, waokoaji hawakujua wanatafuta watu wangapi. Kifaa cha kutolea tiketi kilipotea majini pamoja na aliyekuwa akikitumia. Fikirini maana yake. Mwokoaji anapotoa mwili wa hamsini, wa mia moja, wa mia mbili, hajui kama aendelee au asimame. Jamaa zilizosimama ufukoni hazikujua kama ndugu yao alikuwamo au alilala Bugolora.

Ziwa letu nalo limeonja msiba. Mwezi Desemba 2014, meli ya MV Mutambala ilizama upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, na zaidi ya watu 120 walipoteza maisha. Tarehe 3 Oktoba 2024, katika Ziwa Kivu, boti iliyotoka Minova ilipinduka ikiwa imekaribia bandari ya Kituku mjini Goma, na makumi ya watu walikufa. Barabara ilikuwa imefungwa na vita, hivyo wafanyabiashara na mizigo yao wote walihamia majini, katika chombo kilichojazwa kupita kiasi. Mafunzo ni mawili. Kwanza, ajali nyingi hutokea karibu na ufuko, wakati watu wanaposimama na kukimbilia upande wa kushukia. Pili, barabara ikifungwa, ziwa hubeba uzito wa barabara, na hapo ndipo uangalifu unapotakiwa kuongezeka.

Kwa hiyo tunawaomba jambo moja ambalo halihitaji fedha wala mitambo. Kabla ya chombo kuondoka, yaandikwe majina ya wote waliomo, pamoja na watoto wachanga, saa ya kuondoka, mwalo unaoelekewa na saa inayotarajiwa ya kufika. Iandikwe nakala mbili. Nakala moja asafiri nayo nahodha, na ya pili ibaki nchi kavu, katika kituo cha polisi au cha uhamiaji kilicho karibu, au kwa mkuu wa mwalo ambaye atatuarifu. Orodha iliyomo mtumbwini pekee huzama na mtumbwi.

Kisha, chombo kikifika, nahodha apige simu na kusema, "Tumefika." Simu hiyo moja ndiyo hufunga safari. Isipopigwa baada ya muda uliokubaliwa, sisi hatungoji maombolezo ili tujue kwamba kuna tatizo. Huuliza mialo ya njiani moja baada ya nyingine: Mmewaona? Walipita saa ngapi? Kwa kuwa chombo kilikuwa kikifuata ufuko, eneo la kutafuta hupungua kutoka ziwa zima hadi kipande kati ya mwalo wa mwisho walipoonekana na ule wa kwanza ambako hawakuonekana. Mtu aliye majini hapimi msaada kwa siku bali kwa saa, na hapo orodha inakuwa uhai.

Hati na mzigo

Tunafahamu kwa nini wengine hukwepa vituo rasmi. Wanahofia kucheleweshwa, wanahofia kulipishwa wasichoelewa, au hawana hati zote. Tueleze basi yale yaliyo wazi.

Mtu anayetoka nchi moja kwenda nyingine anahitaji kitambulisho au hati ya kusafiria inayotambuliwa na nchi anayokwenda, na mara nyingi kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Masharti ya mpaka hubadilika kwa sababu za usalama au afya, na mpaka uliokuwa wazi juma lililopita unaweza kuwa na utaratibu mwingine leo. Ulizeni kituoni kabla ya kununua tiketi wala si baada ya kupakia mzigo.

Kuhusu bidhaa, Burundi na Tanzania ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga mwaka 2022. Jumuiya imeweka utaratibu mwepesi kwa wafanyabiashara wadogo. Kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama na ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, upo uthibitisho rahisi wa asili ya bidhaa unaotolewa mpakani, na kwa huo mfanyabiashara anaweza kusamehewa ushuru wa forodha. Msamaha huo hauondoi ukaguzi wa afya na ubora, wala kodi nyingine za ndani, wala hauruhusu bidhaa zilizokatazwa. Lakini mama mwenye magunia yake machache ya mchele anapaswa kujua kwamba mlango wa mbele mara nyingi ni wa bei nafuu kuliko njia ya panya, kwa kuwa huko mtu hulipa mpakiaji wa usiku, mlinzi wa kichakani na mpokeaji wa ng'ambo, na hakuna hata mmoja kati yao atakayemrudishia mzigo ukipotea.

Kila malipo halali yana risiti. Dai risiti, isome, itunze. Mtumishi yeyote anayekudai fedha bila risiti, awe wa idara gani, na hata akiwa amevaa sare kama yetu, aripotiwe kwa mkuu wake. Kumbuka siku, saa na mahali. Malalamiko yenye maelezo hayo yanafuatilika, na yasiyo nayo hubaki manung'uniko.

Anayekimbia kuokoa roho yake

Si kila avukaye maji anafuata mahitaji. Mwezi Mei 2015, maelfu ya Warundi walikusanyika Kagunga, na meli kongwe ya MV Liemba, iliyokusanywa Kigoma enzi za Wajerumani, iliwabeba kwa awamu kuwapeleka Kigoma. Mwezi Februari 2025 mkondo uligeuka: maelfu ya ndugu zetu wa Kongo walivuka Rusizi kuja kwetu wakikimbia vita, wengine wakiogelea na watoto mgongoni. Maji yale yale yameshuhudia majirani wakibadilishana zamu ya kuwa wageni.

Tunaomba hili lieleweke katika kila mwalo na kila kivuko. Mtu anayezama huokolewa kwanza, na kuulizwa hati baadaye. Mvuvi anayemtoa mtu majini hatendi kosa. Anachotakiwa kufanya ni kutoa taarifa mapema katika kituo kilicho karibu, ili mtu huyo apokewe, aandikwe na kuelekezwa panapostahili. Anayewaficha watu kwa malipo, au anayewajaza usiku katika mtumbwi mbovu kwa kuwa hawana pa kulalamikia, huyo ndiye tunayemtafuta.

Mambo ya kukagua kabla ya kung'oa nanga

Tunaorodhesha kwa ufupi yale ambayo kila abiria ana haki ya kuyaona kabla ya kulipa nauli:

1. Jaketi ya kuokolea maisha kwa kila mtu, ile ambayo wengi huiita jile, ivaliwe tangu mwanzo wala isikaliwe kama mto. Mtoto apewe inayomtosha.

2. Ukingo wa chombo uwe juu ya maji vya kutosha baada ya watu wote na mizigo yote kuingia. Ukiweza kugusa maji kwa kiganja ukiwa umeketi wima, shuka.

3. Makasia yawepo hata kama mashine ni mpya, pamoja na vyombo vya kuchotea maji, kamba na nanga. Wanaojua kutumia tanga wasione haya kulibeba, kwani halihitaji mafuta.

4. Simu ya nahodha iwe na umeme wa kutosha na ifungwe katika mfuko usiopitisha maji. Tochi iwepo.

5. Nahodha awe hajalewa. Hili halina mjadala.

6. Orodha iwe imeandikwa, na nakala moja iwe imebaki nchi kavu.

7. Chombo kikikaribia ufuko, kila mtu abaki ameketi mpaka kifungwe.

Wanaobaki nyumbani nao wana sehemu yao. Mjue ndugu yenu amepanda chombo gani na anatarajiwa lini. Mfanyabiashara wa sokoni Cibitoke anayemtuma kijana wake Rumonge au Uvira ana wajibu wa kujua hayo kama anavyojua idadi ya magunia aliyoagiza. Chombo kikichelewa, msione haya kuja kituoni mapema. Tukitafuta chombo ambacho kimelala salama katika mwalo fulani kwa sababu ya upepo, hatutalalamika kwamba mmetusumbua. Tutafurahi pamoja nanyi.

Wakuu wa mialo, vyama vya wavuvi, viongozi wa dini na wa kata tunawaomba wasome makala haya mbele ya watu wao, hasa kabla ya siku za soko. Penye daftari la safari, liendelezwe. Pasipo na daftari, hata karatasi na kalamu vinatosha kwa kuanzia. Askari wetu wa majini na wa mipakani hawawezi kuwa katika kila ufuko kila saa, lakini jicho la jirani lipo huko tayari, na jina lililoandikwa kabla ya safari hulipa jicho hilo kitu cha kuangalia.

Tunawatakia safari njema ya kwenda, na iliyo njema zaidi ya kurudi.

Ofisi ya Mawasiliano na Uhusiano wa Polisi na Jamii